Katriji kuukuu zisitupwe katika shimo la moto

Kila muhula unapokaribia kikomo, shule za humu nchini hugeuka kuwa viwanda vidogo vya uchapishaji. Mtihani wa kufungua shule, wa katikati ya muhula na wa kufunga, yote hudai karatasi na wino. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, mzigo huo umezidi, kwa kuwa Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, hupakia maswali ya tathmini za shuleni katika tovuti yake, kisha ikawa ni juu ya kila shule kuyapakua na kuyachapisha. Walimu wakuu hulalamika kuhusu bei ya karatasi. Wazazi nao hulalamika kuhusu fedha za mitihani. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali hili jepesi: wino ukishakwisha, kile chombo kilichoubeba huenda wapi?

Jibu linajulikana na kila aliyefundisha au aliyesoma katika shule zetu. Katriji tupu hutupwa katika kapu la taka la ofisini, likafuatana na maganda ya ndizi na karatasi zilizokunjwakunjwa hadi katika shimo lililochimbwa nyuma ya jikoni. Jioni mwanafunzi wa zamu hutumwa na kibiriti. Moshi mweusi hupaa, hugeuzwa na upepo, huingia madarasani na mabwenini, na siku ya pili hakuna anayeukumbuka. Katika shule nyingine katriji hutumbukizwa katika choo cha shimo, kana kwamba kitu kisichoonekana kimekoma kuwako.

Nia ya makala haya ni kueleza kwamba katriji tupu si taka, na kwamba kuichoma ni kosa linalowaumiza kwanza wale wale ambao shule iliwekwa kwa ajili yao. Isitoshe, nitajaribu kuonyesha kuwa hilo neno linalopendwa sana siku hizi, kuchakata upya, hufunika matendo mengi yasiyolingana kwa faida. Asiyeyatofautisha atapoteza fedha za shule huku akidhani ameyaokoa mazingira.

Kilichomo ndani ya katriji

Walimu wa umri mkubwa wataikumbuka enzi ya stensili. Mwalimu alipiga chapa maswali juu ya karatasi yenye nta, akaifunga katika mashine, akazungusha mkono wa mashine hadi jasho likamtoka. Madhara yaliyoonekana yalikuwa ni vidole vyeusi na shati lililoharibika. Mwaka 1984 kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani iliingiza sokoni printa ya leza iliyoitwa LaserJet, na mwaka huo huo ikatoa nyingine ndogo ya wino wa majimaji iliyoitwa ThinkJet. Tangu hapo wino ulianza kuuzwa ukiwa umefungwa ndani ya kifaa cha kutumiwa na kutupwa. Stensili ilikuwa karatasi tu. Katriji ni mashine ndogo iliyokamilika.

Tuitazame ile ya printa ya leza, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika ofisi za shule. Ganda lake ni la plastiki ngumu iliyotokana na mafuta ya petroli. Ndani mna mche wa duara wa alumini uliopakwa kemikali zinazoitikia mwanga, ambao mafundi huuita dramu. Mna sumaku, springi, magurudumu yenye meno, ufito wa mpira wa kukwangulia, na mara nyingi chipu ndogo ya kielektroniki. Kisha kuna wino wenyewe, ambao si majimaji bali ni unga uitwao tona. Unga huo ni plastiki iliyosagwa na kuchanganywa na rangi nyeusi ya masizi ya kaboni, na mara nyingine na oksidi ya chuma.

Punje za tona ni ndogo mno. Upana wa punje moja ni kama maikromita tano hadi kumi, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takriban maikromita 70. Kitu chenye wepesi huo hakitui chini haraka kikipeperushwa, na aliye karibu hukivuta puani bila kujua. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeyaweka masizi ya kaboni katika kundi la 2B, yaani miongoni mwa vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Sisemi kwamba kila aliyeshika katriji ataugua, la hasha. Katika tona masizi hayo yamefumbatwa ndani ya plastiki, na printa iliyo nzima haiwamwagii watu unga. Nisemalo ni kwamba unga wa namna hiyo haufai kuchezewa na watoto, sembuse kutiwa moto.

Watengenezaji wenyewe huonya kuwa katriji isitupwe motoni, kwa sababu unga mwepesi wa tona ukikutana na moto huweza kuwaka ghafla na kurusha cheche zinazounguza. Plastiki ya ganda nayo, inapoungua katika shimo lisilo na joto la kutosha, haiteketei ikaisha. Hutoa masizi na gesi za sumu. Mahali ambapo plastiki imetiwa dawa za kuzuia moto zenye bromini, kama ilivyo katika vibao vya kielektroniki, uchomaji wa ovyo huweza kuzaa sumu za jamii ya dioksini, ambazo hudumu muda mrefu katika udongo na katika mafuta ya wanyama. Ng'ombe wa shule akila nyasi zilizo kando ya shimo hilo, sumu hiyo huweza kurudi mezani pamoja na maziwa.

Mijini mambo hayana nafuu. Huko katriji hubebwa na magari ya taka hadi katika majaa ya wazi. Jaa la Dandora jijini Nairobi lilianza kutumiwa mwaka 1975 katika timbo lililokuwa limeachwa. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, na bado taka zikaendelea kumwagwa huko kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 waliokuwa wakiishi au kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walipatikana na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubalika kimataifa wakati huo. Risasi hiyo haikutoka katika katriji. Vyanzo vyake vilikuwa vingi. Hata hivyo funzo ni moja: kila kitu tunachokitupa huangukia mlangoni pa mtoto wa mtu.

Matendo manne, jina moja

Sasa tuje kwenye hilo neno kuchakata. Katriji iliyokwisha wino yaweza kufanyiwa mambo manne, na ni muhimu yapangwe kwa daraja.

La kwanza ni kujazwa tena. Fundi hulifungua tundu, au hutoboa jipya kwa chuma cha moto, akaondoa unga mchafu uliobaki, akatia tona mpya na kuliziba. Ganda, dramu, sumaku na magurudumu hubaki kama yalivyokuwa. La pili ni kuundwa upya. Hapa katriji hubomolewa yote, ikasafishwa, ikabadilishwa dramu na sehemu zilizochakaa, ikajazwa na kujaribiwa kabla ya kuuzwa. La tatu ni kusagwa. Katriji hupondwapondwa na mitambo, plastiki ikatengwa na chuma na alumini, kisha kila kimoja kikawa malighafi ya kitu kingine. La nne ni kuchomwa katika tanuri maalumu ili joto lake litumike.

Matendo yote manne hutangazwa kwa sifa ile ile ya kuhifadhi mazingira, lakini hayalingani hata chembe. Anayejaza huokoa karibu kazi yote iliyofanywa kiwandani. Anayesaga huokoa malighafi tu, kisha hulazimika kutumia nguvu za umeme kuponda, kuyeyusha na kufinyanga upya, mbali na mafuta yanayochomwa na malori na meli zinazobeba magamba hayo kutoka nchi hadi nchi. Kusaga ni bora mara nyingi kuliko shimo la moto. Lakini kusaga katriji ambayo ingejazwa ni sawa na kuvunja chungu kizima ili upate udongo wa kufinyangia chungu kingine.

Hapana budi kukiri kwamba usagaji umefika mbali. Hewlett-Packard ilianzisha mpango wake wa kurudishiwa katriji mwaka 1991. Huko Australia, kampuni ya Close the Loop ilibuni njia ya kuchanganya mabaki ya tona na lami, na mwaka 2018 barabara moja ya Craigieburn, kitongoji cha Melbourne, ikajengwa kwa lami yenye tona, plastiki laini na vioo vilivyosagwa. Hizo ni kazi za kusifiwa. Ila barabara hiyo ndiyo iwe mwisho wa safari ya katriji, baada ya kutumika mara kadhaa, na wala isiwe kituo cha kwanza.

Mwanafunzi wa hisabati na anisaidie kukokotoa. Tuchukue mfano wa shule ya upili yenye wanafunzi 600. Tuseme kila mtihani una masomo manane, na karatasi ya kila somo ina kurasa nne. Mtihani mmoja utakula kurasa 19,200. Ikiwa kuna mitihani mitatu katika muhula na mihula mitatu katika mwaka, jumla ni kurasa 172,800. Katriji nyingi za printa ndogo za leza hukadiriwa kuchapa kurasa 1,600 hivi, iwapo maandishi yamefunika takriban asilimia 5 ya ukurasa. Basi shule hiyo itamaliza katriji 108 kwa mwaka. Lakini kila katriji ikijazwa mara mbili kabla ya kustaafishwa, shule itahitaji 36 tu. Katriji 72 hazitanunuliwa, hazitasafirishwa, na hazitatupwa.

Fundi anayepuuzwa

Nani huifanya kazi hii ya kujaza? Si makampuni makubwa. Ni vijana wenye vibanda vidogo katika miji yetu, wenye bisibisi, brashi na chupa za tona. Kwa kipimo chochote cha haki, hawa ni wahifadhi wa mazingira, ijapokuwa hawajawahi kualikwa katika kongamano lolote. Kazi yao hupunguza taka na hupunguza fedha za kigeni zinazotoka nchini.

Hata hivyo, mwenye macho haambiwi tazama. Ndani ya katriji ya leza mna kijisanduku kinachokusanya unga uliokwanguliwa kutoka katika dramu. Fundi hana budi kukimwaga kabla ya kujaza. Aghalabu hukigongagonga kando ya barabara, au hukipuliza kwa mdomo, bila barakoa wala glavu, siku nenda siku rudi. Uokoaji wa mazingira unaolipwa kwa mapafu ya kijana haujakamilika. Vyuo vyetu vya kiufundi vinafundisha ushonaji, uashi na umakanika. Ni lipi linalozuia kufundisha ujazaji wa katriji kama ufundi kamili, pamoja na kanuni zake: barakoa, mahali penye hewa, mfuko wa kufungia unga mchafu, kunawa kwa maji baridi kwa kuwa ya moto huifanya tona igande?

Yapo malalamiko dhidi ya katriji zilizojazwa, nayo tusiyafumbie macho. Nyingine huvuja. Nyingine huchapa mistari ya kijivu kwa sababu dramu imechoka. Hoja hii ina uzito kuliko wengi wanavyodhani, maana katika hesabu ya athari za uchapishaji, karatasi ndiyo aghalabu yenye mzigo mkubwa kuliko katriji. Katriji mbovu inayoharibu kurasa mia mbili hula yenyewe faida iliyokusudiwa. Kwa hivyo tiba ni kudai ujazaji bora, wenye dhamana ya fundi, na kukubali kuwa katriji haijazwi milele.

Watengenezaji na kufuli zao

Kuna kizuizi kingine ambacho si cha fundi wala cha shule. Kwa miaka mingi baadhi ya watengenezaji wameuza printa kwa bei ya chini na kurudisha faida yao katika wino. Biashara ya namna hiyo huumizwa na ujazaji, na ndiyo sababu katriji nyingi zimetiwa chipu inayoiambia printa kwamba wino umekwisha, au kwamba katriji si ya kampuni. Mnamo Septemba 13, 2016, wenye printa kadhaa za Hewlett-Packard waliamka wakakuta mashine zao zimekataa katriji za kampuni nyingine ambazo jana yake zilifanya kazi. Makelele yalikuwa makubwa hata kampuni ikaomba radhi kwa kutowaeleza wateja vyema, ikatoa programu ya kuondoa kizuizi hicho katika printa hizo.

Nchini Marekani kampuni ya Lexmark iliuza katriji kwa bei nafuu kwa sharti kwamba zitumike mara moja na kurudishwa kwake tu. Kampuni ndogo iitwayo Impression Products ilizinunua zikiwa tupu, ikazijaza na kuziuza, ikashtakiwa kwa kukiuka hataza. Mnamo Mei 30, 2017, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtengenezaji akishauza bidhaa yake, haki za hataza juu ya bidhaa hiyo zimekwisha. Umoja wa Ulaya nao, katika sheria zake za taka za kielektroniki za mwaka 2002 na 2012, ulizitaka nchi wanachama zihakikishe kuwa watengenezaji hawazuii utumiaji wa tena kwa mbinu za uundaji.

Hapa kwetu tumepiga hatua. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawabebesha watengenezaji na waagizaji wajibu wa bidhaa zao hata baada ya kutumika, na kanuni za kuutekeleza wajibu huo zilitolewa mwaka 2024. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, inapozisimamia kanuni hizo, haitoshi kumtoza mwagizaji ada ya kuchakata. Anapaswa pia kuulizwa: katriji yako inajazika? Anayeleta inayojazika alipe kidogo. Anayeleta yenye kufuli alipe zaidi, kwa kuwa ametuletea taka iliyopangwa tangu kiwandani.

Ushindani sokoni nao umesaidia. Mwaka 2010 kampuni ya Epson ilianza kuuza nchini Indonesia printa yenye matangi ya wino ambayo mwenyewe huyajaza kutoka katika chupa, na aina hiyo ya printa ikaenea katika nchi nyingi. Hii ni ithibati kwamba katriji ya kutupwa haikuwa lazima ya kiufundi. Ilikuwa uamuzi wa kibiashara.

Shule zianzie wapi

Shule haiwezi kungoja serikali na makampuni yamalizane. Yako mambo inayoweza kuyafanya muhula huu, na mengi hayagharimu kitu.

Kwanza, mwalimu mkuu apige marufuku uchomaji wa katriji, na aweke sanduku la kadibodi lenye kifuniko katika bohari. Kila katriji iliyokwisha ifungwe katika mfuko wake na itiwe humo, wala isipewe watoto kuchezea. Pili, shule inaponunua printa, isiulize bei ya mashine peke yake. Iulize bei ya wino kwa kila ukurasa, na kama katriji au tangi lake linajazika. Rahisi ya leo huwa ghali ya kesho. Tatu, ichague fundi mmoja mwaminifu, imtake atoe dhamana, na imtazame anavyoutunza unga mchafu. Nne, kwa mitihani yenye nakala mamia, itumie mashine ya risografu ikiwa inayo, au ishirikiane na shule jirani iliyo nayo, badala ya kuitesa printa ndogo ya ofisini.

Tano, ipunguze uchapishaji wenyewe. Walimu wafahamu kwamba kuchapa pande mbili huokoa karatasi lakini hakuokoi wino hata chembe. Kinachookoa wino ni kuondoa picha zisizo na kazi na kuchagua uchapaji hafifu kwa nakala za kujaribia, na wakati mwingine kuandika zoezi ubaoni kama walivyofanya waliotutangulia. Sita, katriji zilizochoka kabisa zipelekwe kwa wenye ujuzi wa kuzibomoa. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002 kusambaza kompyuta shuleni, ndilo lililozaa kituo cha WEEE Centre jijini Nairobi, kinachoshughulikia taka za kielektroniki tangu 2012. Shule za kaunti moja zikikusanya masanduku yao pamoja, gharama ya kuyasafirisha itagawanyika.

Wanafunzi nao wana nafasi yao. Chama cha mazingira kiache kupanda miti siku ya wageni tu. Kihesabu katriji za shule kwa mwaka mzima, kibandike idadi hiyo kwenye ubao wa matangazo, na mwaka unaofuata kihesabu tena. Mwalimu wa kemia aeleze kinachotokea plastiki inapoungua. Mwalimu wa biashara afafanue kwa nini printa huuzwa rahisi na wino ghali. Hilo litakuwa somo lisilohitaji kuchapishiwa mtihani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni mdogo kwa sasa, una upana wa katriji moja nyeusi iliyo ndani ya kapu chini ya meza ya mwalimu. Yeyote atakayelibeba kapu hilo kesho jioni na aitoe kwanza, kabla ya kuomba kibiriti.